Pointi 30 za Bonanza Zina Uzito Gani?

Shule zinapofunga, Juni na tena Desemba, viwanja vya kikapu vya Arusha na Moshi hujaa vijana waliorudi kutoka bweni. Bonanza huandaliwa kwa siku chache. Jezi zinaazimwa, timu moja ni ya wazee wa mtaa, nyingine ya vijana waliomaliza Kidato cha Nne na wanasubiri matokeo, nyingine imeokotezwa asubuhi ile ile getini. Jioni ikifika tayari kuna jina midomoni mwa watu: dogo kafunga 30. Kufika Jumatatu jina limeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya makocha, na kuna mtu anaulizia namba ya mzazi.

Pointi hizo 30 zilifungwa kweli, meza ya waandika matokeo iliziandika. Ila kocha anayefikiria kumchukua kijana ana swali lingine: huyu atafanya nini mbele ya timu iliyofanya mazoezi pamoja miezi mitatu, mwamuzi akipuliza kila kosa, na mlinzi wake akiwa ameshaambiwa kwamba mkono wa kushoto hana? Idadi ya pointi za Jumamosi ni karibu kitu cha mwisho kinachoweza kumjibu. Yapo mambo mengine katika mechi hiyo hiyo yanayojibu vizuri zaidi, na mengi yao meza haiyaandiki.

Bonanza linampendelea nani

Tuanze na saa. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mechi ni robo 4 za dakika 10, na saa husimama kila mpira unapokufa. Bonanza lenye timu 8 na uwanja mmoja haliwezi kumudu hilo, kwa hiyo huchezwa vipindi viwili vya dakika 15 au 20, saa ikitembea mfululizo. Mpira ukitoka nje na kuingia mtaroni, saa inatembea. Wachezaji wakibishana na mwamuzi, saa inatembea. Dakika 30 za namna hiyo zinaweza kuwa na dakika 20 hivi tu za mpira hai. Usilinganishe pointi za mechi mbili kabla hujajua kila moja ilichezwa kwa saa ya aina gani.

Halafu ulinzi. Kumkaba mtu wako peke yako ni jambo ambalo yeyote anaweza kujaribu. Kulinda kwa pamoja, yaani mwenzako akipitwa wewe unaziba, na wa tatu anaziba pale ulipotoka wewe, ni kazi ya mazoezi ya wiki nyingi. Timu iliyokutana asubuhi haina hilo. Ndiyo maana kijana mwenye mbio akishamwacha mlinzi wa kwanza anakuta njia nyeupe hadi kwenye ringi. Toa zile leyapu, yaani mitupo ya kumalizia mbio chini ya ringi, zisizo na mtu mbele, toa mashambulizi ya kushtukiza, toa mipira aliyoiokota kutoka kwa mtu aliyechoka, na mara nyingi kwenye zile 30 zinabaki 10 au 12 alizozitafuta mbele ya ulinzi uliojipanga. Hizo ndizo za kuzungumzia.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba bonanza lina upendeleo wa nafasi. Pale hakuna mchezo uliopangwa, na anayeshika mpira ndiye anayeamua. Gadi anayeupandisha mpira atagusa kila shambulizi, atarusha anapotaka, na MC mwenye spika atalitaja jina lake dakika nzima. Senta anayetegemea mwenzake amletee mpira posti, pale karibu na ringi, kwa wakati hapati kitu. Vivyo hivyo yule fowadi ambaye kazi yake ni kukimbia kona, kusimama mahali sahihi na kurusha akipewa. Katika timu iliyofundishwa watu hawa wawili ni dhahabu. Kwenye bonanza wanaonekana kama wamekuja kusindikiza. Ukitoka uwanjani na majina matatu na yote ni ya magadi, rudi kwenye kumbukumbu zako ujiulize kama ulitazama wachezaji au ulitazama mpira.

Filimbi nayo hulegea, kwa sababu hakuna anayetaka bonanza liishe watu wakiwa wametolewa. Hata kwenye ligi ya majira ya joto ya NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, huko Las Vegas mchezaji hutolewa akifikisha faulo 10, wakati katika NBA yenyewe ni 6 na kwa kanuni za FIBA ni 5. Maana yake ni kwamba yule mrefu anayezuia mitupo kwa kugonga mikono ya watu anaonekana ukuta, ilhali kwenye ligi angekuwa benchi kabla ya mapumziko. Unapomwandikia bloku, yaani mitupo aliyoizuia, andika pembeni pia faulo ambazo mwamuzi makini angepuliza. Zikifika 5 kabla ya mapumziko, bloku zake zisome upya.

Bahati ina hesabu yake

Chukua vijana 10 wanaofanana kabisa. Kila mmoja, kwa mwaka mzima, huingiza mtupo 1 kati ya 3 kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Kila mmoja arushe mara 6 katika bonanza. Uwezekano wa yeyote kati yao kuingiza 4 au zaidi ni asilimia 10. Uwezekano wa kukosa zote 6 ni karibu asilimia 9. Kwa hiyo katika wale 10, tegemea mmoja abebwe juu juu na mwingine aondoke kichwa chini, na baina ya hao wawili hakuna aliyemzidi mwenzake hata kidogo.

Mitupo 20 nayo haitoshi. Anayeingiza asilimia 35 kwa kweli anaweza, katika mitupo 20, kuonekana wa asilimia 15 au wa 55, na hakuna kilichobadilika mkononi mwake. Ukifikisha mitupo 100 pengo hilo hupungua, likawa takriban kati ya 26 na 44. Kwa mitupo 6 kila mechi unahitaji mechi 17. Likizo haina mechi 17.

Mitupo huru, ile anayopewa mchezaji baada ya kufanyiwa faulo, inasaidia kidogo, kwa sababu umbali ni ule ule, hakuna anayezuia, na mkono unaonekana ulivyo. Kijana anayeingiza mitupo huru vizuri lakini amekosa pointi tatu zote siku hiyo ana matumaini zaidi ya yule aliyeingiza pointi tatu 4 na kukosa mitupo huru 5 kati ya 6. Tatizo ni kwamba kwenye mechi moja atapiga michache. Basi mwombe baada ya mechi apige 50: mafungu 10 ya mitupo 5, na kati ya fungu na fungu akimbie uwanja mzima kwenda na kurudi. Fungu la kwanza na la pili halisemi mengi. Kuanzia la sita, miguu ikishachoka, utaona kama mtupo wake unaanzia kwenye magoti au ni mkono tu unaosukuma.

Na tazama anavyokosa. Mpira unaopungua au kuzidi huku ukiwa katikati ya ringi ni suala la nguvu na umbali, na hilo hurekebishika kwa mazoezi. Mpira unaokosa leo kushoto, sasa hivi kulia, unaonyesha kiwiko kilichotoka nje au kidole gumba cha mkono wa pili kinachosukuma. Hilo nalo hutibika, ila kwa miezi, na kwa kijana mwenye subira.

Hata wenye fedha hukosea

NBA wana bonanza lao kila Julai huko Las Vegas, tangu 2004. Wachezaji wapya, waliosajiliwa juzi, wanachezeshwa pamoja na watu wanaotafuta mkataba. Kila klabu ina skauti, kamera na wachambuzi wa takwimu. Mwaka 2012 tuzo ya mchezaji bora iligawanywa kwa wawili: Damian Lillard na Josh Selby. Lillard akawa mchezaji chipukizi bora wa NBA msimu uliofuata. Kwa Selby msimu huo huo ndio uliokuwa wa mwisho katika NBA. Tuzo moja, kiangazi kimoja. Miaka miwili baadaye aliyeichukua alikuwa Glen Rice Jr., na miezi michache mbele Washington Wizards wakamwacha.

Upande wa pili upo pia. Trae Young, katika mechi yake ya kwanza ya kiangazi 2018 huko Salt Lake City, aliingiza mitupo 4 kati ya 20, na pointi tatu 1 kati ya 11. Watu walicheka mitandaoni. Baadaye akachaguliwa kucheza All-Star, mechi ya nyota wa NBA. Victor Wembanyama alianza Las Vegas tarehe 7 Julai 2023 kwa mitupo 2 kati ya 13 na pointi 9. Siku mbili baadaye alifunga 27 na kuchukua ribaundi 12, yaani mipira iliyorudi baada ya mtupo kukosa, na mwisho wa msimu akachaguliwa chipukizi bora kwa kura zote. Jambo la kujifunza liko kwenye ile mechi yake mbovu: alizuia mitupo 5. Mtupo unaweza kugoma siku moja na kukubali kesho, lakini mikono mirefu na macho yanayosoma mpira unakoelekea havibaki hotelini. Ukitenganisha kinachokuja na kuondoka na kile kinachobaki, tayari umefanya nusu ya kazi ya skauti.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu, na ni wa kuutaja kwa heshima. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009, klabu za NBA zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7, ambao wote wawili walikuja kuwa nyota wakubwa kuliko yeye. Kimo cha mita 2.21 na bloku zake za chuo kikuu cha Connecticut zilionekana na kila mtu. Kipaji cha Curry kilihitaji jicho lililozoea kutazama miguu, mikono na maamuzi. Kama timu zenye bajeti ile zilivutwa na kimo, haishangazi kwamba kwenye uwanja wa saruji wa mtaani kwetu mrefu ndiye anayeombwa namba ya simu kwanza.

Uwanja wenyewe upimwe

Fika nusu saa kabla, ukiwa na tepu ya fundi. Ringi inapaswa kuwa mita 3.05 kutoka chini. Ringi iliyoning'iniwa na watu miaka kumi huinama mbele, na sentimita 10 pungufu zinatosha kumpa danki, yaani kuupachika mpira ringini kwa mkono, kijana asiye nayo. Mstari wa pointi tatu upimwe kutoka sehemu iliyo chini ya katikati ya ringi: mita 6.75, na pembeni kabisa mita 6.60. FIBA walibadilisha mstari huo mwaka 2010. Kabla ya hapo ulikuwa 6.25. Kwenye uwanja wa zamani uliopakwa rangi upya juu ya alama za zamani, nusu mita hiyo inaweza kuwa bado haijaongezwa. Mtupo huru ni mita 4.60 kutoka uso wa ubao.

Mpira nao. Wavulana huchezea namba 7, wasichana namba 6, na bonanza lenye mpira mmoja huwapa wasichana namba 7. Mpira huo ni mzito na mnene zaidi, kwa hiyo usiandike kwamba binti "hana mkono" kama ulimwona akisukuma namba 7 kwa mikono miwili. Ili kujua kama mpira umejazwa upepo kupita kiasi, uachie kutoka kimo cha mita 1.8: unapaswa kurudi mita 1 na kidogo. Ukiruka hadi kifuani, ribaundi zote za siku hiyo zitakuwa ndefu, na wafupi walio mbali na ringi wataonekana mabingwa wa ribaundi.

Athari ya hewa ya mwinuko si kubwa kama watu wanavyodhani, ila ipo. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ni chini zaidi na joto zaidi. Kijana aliyeshuka jana kwenye basi la Dar es Salaam anaweza kuhema mapema Arusha. Subiri siku kadhaa kabla hujaandika hana pumzi. Timu iliyotoka Moshi na Coaster alfajiri, au iliyovuka Namanga asubuhi, imekaa saa kadhaa magoti yamekunjwa. Mechi yake ya kwanza ni ya kunyoosha miguu. Na kwenye baridi ya Arusha ya Juni na Julai, mechi ya saa mbili asubuhi huchezwa vidole vikiwa na ganzi, kwa hiyo kudaka mpira vibaya saa hiyo kusimhukumu mtu.

Macho yaende wapi

Mtazame mchezaji mmoja kwa dakika 5 bila kumwacha, hata mpira ukiwa upande wa pili. Ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu shingo inataka kufuata mpira. Mchezaji wa kawaida hukaa na mpira mkononi dakika chache tu katika mechi nzima, na muda wote uliobaki ndio anaojionyesha alivyo.

Anza na miguu yake anapolinda. Je, magoti yamekunjwa kabla mpira haujamfikia mtu wake, au anainama baada ya kupitwa? Anateleza kwa miguu bila kuivusha mmoja juu ya mwingine? Hesabu mara ambazo alishambuliwa ana kwa ana na mara alizopitwa ndani ya midundo miwili ya kwanza. Kupitwa 3 kati ya 10 si vibaya. Kupitwa 7 ni kitu cha kuandika. Hapa pana tahadhari: kijana anayecheza mechi ya nne tangu asubuhi ana haki ya kupumzika kwenye ulinzi. Mpime kwenye dakika 3 za mwisho za mechi iliyokaribiana, pale ambapo kila mtu anajaribu. Akishindwa hapo, hajui. Akiweza hapo na kulegea kwingine, ni uvivu au uchovu, na mwalimu mzuri ana dawa za vyote viwili.

Mkono dhaifu ni rahisi kuupima na watu wachache huupima. Chora mstari mmoja kila anapomshambulia mlinzi kwa kudunda kulia, na mwingine kila anapokwenda kushoto kwa hiari yake. Kulia 14 na kushoto 1, hata kama amefunga 30, ni kijana ambaye ulinzi wa mtu kwa mtu wenye maelekezo utamfunga kamba katika nusu ya kwanza. Kushoto 5 kati ya 15, hata kama 3 kati ya hizo zilipotea, ni habari njema: ameanza kujaribu mbele za watu.

Kupoteza mpira kunahitaji alama mbili tofauti. Kuna mpira unaopotea kwa sababu pasi ilikuwa sahihi lakini mwenzake, ambaye wamejuana asubuhi, hakuwa ametazama. Kuna unaopotea kwa sababu alijipenyeza katikati ya watu watatu akiwa anaona. Wa kwanza uandike W, yaani wa wenzake. Wa pili L, amelazimisha. Kijana mwenye W 5 na L 1 anaona mchezo mapema kuliko timu aliyopewa, na meza imemwandikia amepoteza mipira 6. Kwa mantiki hiyo hiyo, asisti, yaani pasi ya kufungia, ihesabiwe kwa pasi iliyomweka mwenzake mahali pazuri, hata kama mwenzake alikosa leyapu. Kwenye bonanza leyapu nyingi hukoswa, na mtoa pasi ndiye anayeibiwa.

Muda wa kuamua una uzito wa pekee. Mpira unapomfikia, hesabu kimoyomoyo "moja". Kabla hujamaliza anapaswa awe amerusha, ametoa pasi au ameanza kushambulia. Wale wanaoushika, wakaupiga chini mara tatu wakiwa wamesimama, halafu ndio wakatazama, wanapata mwanya kwenye bonanza kwa sababu ulinzi haujajipanga. Mbele ya timu iliyofundishwa mwanya huo unakuwa umefungwa. Tazama pia anachofanya baada ya kuchukua ribaundi ya ulinzi: anaugeuza uso nje na kuona uwanja mzima, au anaushusha mpira kiunoni ambapo mfupi yeyote ataupora?

Kwa warefu, usihesabu ribaundi kabla ya kuhesabu migongo. Mtupo unaporushwa, je, alimtafuta mtu wake na kumweka mgongoni, au alisimama akinyoosha mikono kwa sababu amezoea kuwa mrefu kuliko wote? Mwenye ribaundi 15 na migongo 2 anaishi kwa kimo. Akikutana na mtu wa kimo chake, ribaundi 15 zinakuwa 4.

Jambo moja halina namba: sekunde tatu baada ya kukosea. Wapo wanaogeuka kumlaumu mwamuzi, wapo wanaokamata kiuno, wapo walioshakimbia nusu ya uwanja kurudi. Hilo hujirudia sana kwa mchezaji yule yule, kuliko asilimia za mitupo.

Karatasi na hesabu ndogo

Mtu mmoja peke yake asijaribu kufuatilia zaidi ya wachezaji 3 katika mechi. Mkiwa wawili, mmoja aandike na mwingine aseme. Daftari la mistari linatosha: safu za mitupo iliyorushwa, iliyoingia, pointi tatu, mitupo huru, W, L, pasi za kufungia, kupitwa, kulia na kushoto. Usipige hesabu wakati mechi inaendelea.

Nyumbani, tafuta mashambulizi aliyoyatumia: jumlisha mitupo aliyorusha, mipira aliyopoteza, na mitupo huru ikizidishwa kwa 0.44. Namba hiyo ya 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru huja kwa mafungu ya miwili au mitatu, na mingine ni ya nyongeza baada ya mpira kuingia, hivyo kila mtupo mmoja si shambulizi zima. Gawanya pointi kwa jumla hiyo.

Kijana A: pointi 22, mitupo 21, mitupo huru 4, amepoteza mipira 7. Mashambulizi ni 21 + 1.76 + 7, karibu 30. Pointi 22 kwa 30 ni 0.73. Kijana B: pointi 11, mitupo 8, mitupo huru 3, amepoteza 1. Mashambulizi ni 10.3, na pointi kwa shambulizi ni 1.07. MC alimtangaza A jioni nzima.

Lakini usikimbilie kumtawaza B. Huenda mitupo yake 8 ilikuwa mizuri kwa sababu A aliwavuta walinzi wawili, naye akabaki peke yake. Toa zile W za A kisha urudie hesabu. Kama 5 kati ya 7 zilikuwa W, mashambulizi yake yanashuka hadi 25 na kiwango kinapanda karibu 0.89. Bado yuko chini ya B, ila si mbali kama mwanzo, na amebeba mzigo mara mbili na nusu. Njia nzuri ya kumaliza ubishi ni kumwomba mwandaaji awaweke timu tofauti mechi inayofuata. Kwenye bonanza hilo linawezekana, kwenye ligi haliwezekani. Ni faida moja ya bonanza ambayo wengi huiacha ipite.

Mwili na cheti

Mwanamume hurefuka kwa kasi zaidi akiwa na miaka 14 hivi, mwanamke akiwa na 12 hivi, na baina ya mtoto na mtoto tofauti inaweza kuwa ya miaka miwili. Kijana wa miaka 15 aliyekwishaota ndevu anacheza na watoto. Nguvu zake leo ni za kuazima, maana wenzake watamfikia. Kuna wengi wa namna hii ambao watu waliwavika kilemba cha ukoka wakiwa na miaka 15, na wakiwa na 19 wanacheza namba ile ile kwa kimo kile kile, mbele ya watu waliowapita. Yule mwembamba aliyesukumwa siku nzima lakini miguu yake ilikuwa mahali sahihi anastahili kutazamwa tena baada ya miezi 6.

Uliza umri kwa njia mbili: tarehe kwenye cheti cha kuzaliwa na mwaka aliomaliza darasa la saba. Zikipishana sana, uliza kwa upole. Mara nyingine alichelewa kuanza shule tu, mara nyingine kuna aliyepunguza miaka ili acheze mashindano ya vijana. Tarehe nayo ina maana: katika kundi la waliozaliwa mwaka mmoja, wa Januari amemzidi wa Novemba karibu mwaka mzima wa kukua.

Vipimo vyenyewe havihitaji maabara. Msimamishe bila viatu, mgongo ukutani, upime kimo. Anyooshe mikono kushoto na kulia, upime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kwa watu wengi kipimo hicho hukaribiana na kimo. Kikizidi kwa sentimita 8 au 10 ni mali ya ulinzi. Mwishowe apake chaki kwenye vidole, anyooshe mkono mmoja juu akiwa amesimama na kugusa ukuta, kisha aruke na kugusa tena. Tofauti ya alama mbili ni mruko wake. Fanya mara 3, chukua bora. Fanya kabla ya mechi, maana baada ya mechi ya nne utapima uchovu.

Kinachoandikwa kwa klabu

Ripoti ya "dogo ni hatari, ana pointi 30" haimsaidii kocha wa Dar es Salaam ambaye ana nafasi moja na watu kumi wanaomsukumia majina. Inayomsaidia ni fupi namna hii: gadi, miaka 16, sentimita 178, mikono 186; mechi 3 za saa inayotembea, ringi sahihi, mstari wa 6.25, pointi kwa shambulizi 0.85, kushoto 4 kati ya 31, W 9, L 5, alipitwa 6 kati ya 22, mitupo huru ya mazoezi 36 kati ya 50, anakosa kwa kupungua, anakimbia kurudi akikosea, hakukutana na mlinzi wa kiwango chake. Maneno hayo ya mwisho, kuhusu mlinzi, yasikosekane kamwe. Kama hakukabwa na yeyote anayeweza kumkaba, mwenye kusoma ana haki ya kuambiwa.

Kwa kijana mwenyewe na mzazi wake, usiseme lolote kuhusu klabu siku hiyo hiyo. Mpe kitu kimoja cha kufanyia kazi, kinachohesabika, kwa mfano midundo 200 ya mkono wa kushoto kila siku kabla ya kwenda shule, na umwambie mama yake ni tarehe gani mtaonana tena. Karatasi ihifadhiwe. Likizo ijayo, chora tena safu mbili, kulia na kushoto, uone kama ile 4 kati ya 31 imesogea.